Sikio Kabla ya Kalamu

Mwalimu wa awali ametandaza picha tatu juu ya jamvi: kofia, jogoo na yai. Mkononi ameshika picha ya nne, ya kuku. "Haya, nani ataniambia, neno gani linaanza kama kuku?" Mikono inanyooshwa, vidole vinalizwa. "Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi!" Anayechaguliwa anasogea, anazitazama picha kwa makini, kisha anamwokota jogoo bila wasiwasi wowote. Wenzake wanampigia makofi. Angechaguliwa mwingine, huenda angeshika yai.

Jibu la namna hiyo hutolewa katika madarasa mengi ya chekechea, na anayelitoa hana upungufu wa akili. Amefikiri sawasawa, ila amefikiria jambo jingine. Kuku na jogoo wanalala banda moja, na yai hutagwa na kuku. Tangu aanze kusema, maneno yamemsaidia mtoto huyu kupata vitu: akitamka "maji" analetewa maji. Hajawahi kuombwa ayaache maji yenyewe asikilize ule mvumo wa midomo iliyofungwa unaotangulia. Leo ndiyo mara ya kwanza anaulizwa neno lenyewe limetengenezwa na nini.

Vitabu vya ualimu huita uwezo huo ufahamu wa fonimu. Walimu wenyewe husema tu "sauti ya kwanza". Ni hatua fupi katika ratiba ya mwaka, lakini mtoto asipoivuka, kila kinachofuata kinakuwa cha kukariri. Na kwa Kiswahili hatua hiyo ina njia yake, ambayo vitabu vilivyoiga mpango wa Kiingereza haviionyeshi.

Silabi huja mapema, sauti hungoja

Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Isabelle Liberman, na wenzake waliwapa watoto wadogo kijiti cha kugonga mezani. Baadhi waliagizwa wagonge mara moja kwa kila silabi ya neno walilosikia, wengine mara moja kwa kila sauti. Karibu nusu ya watoto wa miaka minne waliweza kugonga silabi. Kugonga sauti mojamoja hakuna hata mmoja wa umri huo aliyeweza. Kwa watoto wa miaka sita, waliokuwa wakimaliza mwaka wao wa kwanza wa shule, tisa katika kila kumi waliweza silabi na saba katika kila kumi waliweza sauti.

Je, umri peke yake ndio uliowafikisha hapo? Miaka mitano baadaye José Morais na wenzake walilichunguza swali hilo kwa watu wazima wa Ureno. Waliwaomba waondoe sauti ya kwanza ya neno, au waongeze sauti mbele yake. Wasiojua kusoma walishindwa kwa sehemu kubwa. Wenzao wa maisha yaleyale, waliojifunza kusoma ukubwani, waliweza. Kumbe mtu anaweza kuzeeka akiwa msemaji hodari na asiwahi kuitenga "m" ya "maji", kwa sababu hakuna aliyewahi kumtaka afanye hivyo.

Ushahidi kwamba mazoezi hayo huzaa matunda ulitoka Oxford, Uingereza. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwafuatilia watoto wapatao 400 tangu walipokuwa na miaka minne na mitano. Watoto walisomewa maneno machache na kutakiwa kulitaja lisilofanana na mengine kwa sauti. Waliofanya vizuri katika mchezo huo walikuja kuwa wasomaji na waandishi bora miaka iliyofuata. Kisha watoto 65 waliokuwa dhaifu katika jaribio hilo waligawanywa makundi, na baadhi wakapewa vipindi 40 vya mafunzo katika muda wa miaka miwili. Waliosonga mbele zaidi ni wale waliofundishwa kupanga maneno kwa sauti na wakati huohuo wakapewa herufi za plastiki za kuwakilisha sauti hizo.

Matokeo hayo mawili, kwamba silabi hutangulia na kwamba sauti hushika vizuri zaidi ikiwa na herufi yake, ni habari njema kwa mwalimu wa Kiswahili. Lugha yake imejengwa kwa silabi zilizo wazi kama vile mtu aliikusudia kwa ajili ya watoto.

Madarasa yaliyojaa

Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Mwaka uliofuata mitaala ya darasa la kwanza na la pili ilipunguzwa mzigo na kuelekezwa kwenye stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Sababu haikuwa siri: tafiti za Uwezo, mpango wa kupima stadi za watoto, zilizoanza kutolewa mwaka 2010 zilikuwa zimeonyesha kwamba wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili.

Ada na michango ilipofutwa, wazazi waliitika. Watoto walioandikishwa awali waliruka kutoka milioni moja na ushei mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2016. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini katika shule nyingi za serikali darasa la awali ndilo lenye watoto wengi kuliko yote, na mwalimu ni mmoja.

Kenya nako, Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na watoto husoma miaka miwili, PP1 na PP2, kabla ya darasa la kwanza. Kati ya 2014 na 2018 mpango ulioitwa Tayari uliendeshwa katika kaunti za Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu, ukiwapa walimu miongozo, vifaa na wakufunzi wa kuwatembelea darasani. Kwa upande wa shule za msingi, mpango wa Tusome ulienea nchi nzima kuanzia 2015, na masomo yake ya Kiswahili yalianzia kwenye sauti za herufi.

Kwa hiyo fikra kwamba sauti hutangulia si ngeni tena kwa wizara na kaunti. Kazi iliyobaki iko mbele ya ubao.

"Be" na "a" si "ba"

Kuna tofauti kati ya jina la herufi na sauti yake, na mtoto huielewa au kuikosa kulingana na mdomo wa mwalimu wake. Herufi b inaitwa "be". Mtoto anayeambiwa aunganishe "be, a, be, a" atatoa "beabea" na atakuwa hajakosea hata kidogo, maana hivyo ndivyo alivyopewa. Ili apate "baba" anahitaji ule mpasuko mdogo wa midomo usio na irabu nyuma yake.

Kwa watoto wanaosoma shule za mchepuo wa Kiingereza mambo huchanganyika zaidi. Mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi anakariri asubuhi kwamba herufi E inaitwa kwa mlio ambao Kiswahili huuandika i, na kwamba A inaitwa "ei". Mchana mwalimu wa Kiswahili anamwandikia "embe" na kumwuliza linaanza na nini. Akijibu "a", anaitafuta herufi katika lugha mbili kwa mara moja. Walimu waliozoea hali hiyo huacha majina ya herufi kabisa katika wiki za mwanzo na kufundisha milio tu. Majina yatakuja baadaye na hayataharibu kitu.

Halafu kuna wimbo unaojulikana na kila aliyepita shule ya Kiswahili, ule wa ba, be, bi, bo, bu. Wapo wanaoucheka kuwa ni wa kizamani, na wapo wanaouona unatosha. Silabi ndicho kipande ambacho mtoto anaweza kukishika mapema, kwa hiyo kuanzia hapo si kosa. Tatizo ni kuishia hapo. Mtoto anaweza kuimba mistari yote hadi za, ze, zi, zo, zu, mwalimu akinyoosha fimbo ubaoni, na asijue kwamba "bata" na "boga" zina kitu kimoja mwanzoni. Kwake "ba" na "bo" ni milio miwili tofauti.

Dawa yake ni kulinganisha. Mwalimu anaweka pamoja bata, bibi, boga na bunduki, irabu zikibadilika na konsonanti ikibaki ileile, na watoto wanashika midomo yao kusikia inavyofungana kila mara. Kisha anaingiza "taa" katikati. Mtoto anayesema "hiyo midomo haijafunga" ameshapita silabi.

Uanze na ipi?

Mpangilio wa alfabeti haufai kwa kazi hii. Sauti kama m, s, f, z, l na n zinaweza kuvutwa mpaka pumzi iishe: "sssssamaki". Mtoto anapata muda wa kuzisikia. Sauti za p, t, k, b, d na g haziwezi kuvutwa. Ukijaribu unaongeza irabu bila kutaka. Ndiyo maana walimu wengi huanza na irabu, kisha m na s, na kuziacha zile za mpasuko zifuate baadaye.

Irabu tano zenyewe hazilingani kwa wingi wa mifano. U imejaa tele: uji, ua, uzi, ubao, ufagio, ukuta. A ina asali, andazi, anga. E ina embe, ambalo limechorwa katika karibu kila chati ya Afrika Mashariki. Lakini nomino za kila siku zinazoanza na i au o ni chache mno. Mwandishi wa vitabu hujikuta akichora ini, kiungo ambacho mtoto hakitambui kwa macho, au ofisi, ambayo kwa picha ni nyumba tu.

Suluhisho limo katika vitenzi. Imba, inama, ita, iga. Oga, osha, omba, okota, ogelea. Maneno hayo hayachoreki vizuri, lakini yanatendeka. Mwalimu akisema "inama", darasa zima linainama. Akisema "okota", wanaokota. Akisema "ogelea", jamvi linageuka bahari kwa nusu dakika. Baada ya michezo mitatu minne anauliza: inama, imba, ita, zote zinaanza na nini? Watoto mia moja wanaweza kushiriki bila kifaa chochote, na hakuna anayekaa kungoja zamu.

Mitego ya ngeli

Hapa ndipo Kiswahili kinapojitenga na vitabu vya Kiingereza. Katika lugha hii mwanzo wa neno ndipo sarufi inapofanyia kazi yake. Kiti kikiongezeka kinakuwa viti, mtoto anakuwa watoto, jicho linakuwa macho, ukuta unakuwa kuta. Mtoto wa miaka minne anafanya mabadiliko hayo siku nzima bila kufundishwa na mtu. Ni hazina, maana ana mazoea ya kuugeuza mwanzo wa neno ambayo mwenzake anayesema Kiingereza hana.

Lakini hazina hiyo ina miiba yake. Mwalimu anapokata picha kutoka gazetini na kuchagua bakuli lenye mayai, anakusudia y, na mtoto anatoa m. Picha ya meno kwenye tangazo la dawa ya mswaki haitampa "jino". Kidole kimoja na vidole vitano ni masomo mawili. Kadi ya kitu kimoja kilicho peke yake ndiyo salama.

Jaribu tena zoezi la boksi la sauti, linalopendwa sana: boksi moja la k, jingine la m, na watoto walete vitu kutoka nyumbani. Boksi la k litajaa kijiko, kiatu, kitana, kikombe, kitabu na kizibo cha soda. Kila kitu humo kinaanza na "ki", kwa sababu ngeli ndiyo iliyochagua, na sauti haikuhusika. Mtoto ataondoka akidhani k na ki ni kitu kimoja. Boksi hilo linahitaji kopo, kamba, kofia na kuku wa kuchonga ndipo lifundishe k.

La m lina shida nyingine. Katika "meza", "maji" na "moto", m inaegemea irabu. Katika "mtu", "mti" na "mkono", m imesimama peke yake na ni silabi kamili. Watoto wakipiga makofi wanapiga m-tu, makofi mawili. "Mbuzi" ni mbu-zi, na hapo m na b zimeungana. "Mbwa", ambalo kwa macho linafanana na mbuzi, linapigwa m-bwa. Kwa mtoto anayeanza, kundi la kwanza ndilo rahisi. Kuchanganya mti, meza na mbuzi katika kipindi kimoja ni kumpa mafumbo matatu kwa jina moja.

Herufi n inadanganya zaidi. Nazi, ng'ombe, nyoka na ngoma zote zimeandikwa kwa n mwanzoni, na ni "nazi" pekee inayoanza na sauti ya n. Mtoto anayesikiliza vizuri atakataa kumweka ng'ombe kwenye boksi la n, na mwalimu asiyejiandaa atamsahihisha mtoto aliye sahihi. Ndivyo ilivyo pia kwa s na sh: samaki na shati hayakai pamoja. Kadi za sh, ch, ny na ng' zinapaswa kuwa kadi kamili zinazojitegemea, zenye herufi mbili zilizoandikwa kwa pamoja kama mlio mmoja.

Picha nayo inasema lugha ya mahali. Mchoro wa kiazi mviringo utaitwa kiazi Dar es Salaam, mbatata Zanzibar na waru Nairobi. Gari la mizigo ni lori kwa mmoja na roli kwa mwingine. Kabla ya kipindi kuanza, mwalimu mwerevu huzionyesha kadi zote na kuuliza tu, "Hii mnaiitaje nyumbani?" Zinazopata majina mawili anaziweka kando.

R, l na lugha ya nyumbani

Kwa mamilioni ya watoto Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Katika lugha nyingi za Kibantu r na l hazitenganishi maana, kwa hiyo mtoto anasema "kurara" na "lafiki" na hasikii tofauti hata mwalimu akizirudia. Wengine huiangusha h na kusema "abari". Sauti za dh na th, zilizoingia na maneno ya Kiarabu kama dhahabu na thamani, ni za kila siku Zanzibar na Mombasa, lakini bara wapo watu wazima wanaosema "zahabu" na "samani" maisha yao yote.

Kumcheka mtoto wa namna hiyo ni kumnyamazisha. Sauti ambazo sikio lake bado halijazitenga huwekwa mwishoni mwa mpango, baada ya kuwa ameshazoea mchezo kwa m, s, t na k. Zikifika, hufundishwa kwa kulinganisha ulimi ulipo: kwenye l umetulia juu ya ufizi, kwenye r unatetema. Kioo kidogo cha mkononi husaidia zaidi ya kurudia neno mara ishirini.

Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu tahajia ya Kiswahili, walionyesha kwamba hata katika lugha ambayo maandishi hufuata matamshi kwa ukaribu hivi, kujifunza kuandika si jambo dogo, na kwamba makosa ya watoto yana mpangilio. Yaani daftari lenye makosa ni ramani ya kile ambacho sikio la mtoto bado halijakipata.

Michezo iliyokuwapo tangu zamani

Watoto wa Waswahili wamekuwa wakichezea sauti kabla ya kuwapo kwa mtaala. Kinyume, ile lugha ya siri ambamo silabi ya mwisho inahamishiwa mbele, "chakula" ikawa "lachaku", ilikwisha kumvutia Askofu Edward Steere wa Zanzibar katika karne ya 19 hadi akaiwekea mifano katika kitabu chake cha lugha. Mtoto anayeweza kusema kinyume ameshaukata mwisho wa neno na kuubandika mwanzoni. Vitanzandimi navyo hukusanya sauti moja mara nyingi katika sentensi fupi, jambo ambalo waandishi wa vitabu vya chekechea huhangaika kulitunga.

Kwa darasa kubwa, rejesta ndiyo kifaa bora kuliko vyote. "Wenye majina yanayoanza na sss, simameni." Salma anasimama, Saidi anasimama, Sauda anasimama. Shabani naye anasimama, na hapo ndipo somo linapoanza: mwalimu anavuta "sss", anavuta "shhh", darasa linaamua, Shabani anaketi akicheka na kungoja sauti yake. Sesilia anasimama na Salma hata kama cheti chake kimeandikwa Cecilia, maana kwa sasa kazi ni ya sikio.

Rebecca Treiman na Victor Broderick walionyesha mwaka 1998, kwa watoto wa Marekani na Australia, kwamba mtoto huijua herufi ya kwanza ya jina lake kuliko herufi nyingine. Ila walichokijua zaidi ni jina la herufi hiyo. Sauti yake hawakuijua kuliko sauti za herufi nyingine. Mtoto anayejivunia kuandika J kubwa ya Juma bado anapaswa kuulizwa: na jogoo je? Na jiwe? Na jiko?

Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, aliunganisha sikio na kidole kwa herufi zilizokatwa kwa msasa: mtoto anapitisha vidole juu ya umbo huku akitoa mlio wake. Mbinu hiyo ipo Tanzania, na vyuo kadhaa vinavyoifundisha vinaendeshwa na masista wa Kikatoliki. Kipande cha msasa hupatikana katika duka la vifaa vya ujenzi, na pale ambapo hakipatikani gundi na mchanga juu ya kadibodi hufanya kazi ileile.

Tablet za Tanga

Jaribio kubwa la kufundisha herufi na sauti za Kiswahili bila mwalimu lilifanyika mkoani Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE liligawa tablet kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170, zikichajiwa kwa umeme wa jua, na programu tano zilizoingia fainali zikapimwa kwa miezi 15. Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawajawahi kusomewa kitu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Matokeo hayo yana pande mbili. Watoto walijifunza mengi wakiwa peke yao na mashine inayotamka sauti sawasawa kila inapoguswa, bila kuchoka. Lakini nusu ya wasiojua hawakufika, na mashine haikuweza kugundua kwamba huyu anasema "lafiki" wala kwamba yule hasikii vizuri sikio la kushoto.

Televisheni nayo imeingia. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, hutengeneza katuni ya Akili and Me kwa watoto wadogo, ambamo msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro hujifunza herufi, namba na nyimbo katika ndoto zake. Mtoto anayeimba sauti na katuni jioni huja darasani asubuhi akiwa ameshazizoea, na mwalimu anaweza kuanzia hapo.

Dakika kumi, kisha kipimo

Je, isubiriwe mpaka sikio liive ndipo herufi ije? Matokeo ya Oxford yanasema hapana, na yale ya Tanzania yanaunga mkono. Mwaka 2010 Alcock na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha watoto wa Tanzania wa miaka 7 hadi 10, walio shuleni na wasio shuleni. Uwezo wa kuchezea sauti ulifungamana na kujua kusoma, hata kwa kiwango cha chini kabisa, kuliko umri. Mara mtoto anapoisikia s ya samaki, aonyeshwe s siku hiyohiyo.

Haihitaji saa nzima. Dakika kumi kila siku, sauti moja au mbili kwa wiki, hutosha, na nyumbani zinaweza kurudiwa bila daftari. Jiko la Kiswahili limejaa s: sufuria, sukari, sahani, sabuni, samaki. Ch nayo haiko mbali: chai, chumvi, chapati, chungu. Mama au dada anayemenya vitunguu anaweza kusema, "Nimeona kitu kinaanza na sss," na kumwacha mtoto azunguke akikitafuta.

Kipimo chake nacho ni chepesi. Mwishoni mwa muhula mwalimu humwita mtoto mmojammoja kando ya dirisha akiwa na vitu kumi kwenye mfuko. Anatoa kimoja, mtoto anakitaja na kutoa mlio wa kwanza. Kisha anapewa vitu vitatu aondoe kimoja kisichofanana na vingine kwa mwanzo. Mwisho anaonyeshwa herufi tano atoe milio yake. Anayepata vitu vinane au zaidi yuko tayari kuunganisha. Anayepata chini ya vitano hurudishwa kwenye michezo ya silabi kwa wiki chache, na kama hata makofi ya silabi yanampita, masikio yake hupelekwa zahanati yakaangaliwe, kwa kuwa sikio lenye usaha kwa muda mrefu ni ugonjwa wa kawaida wa watoto na hupunguza usikivu.

Matokeo yanaandikwa kwenye karatasi moja: majina upande wa kushoto, sauti juu, alama ya vema kwenye kila mraba uliopatikana. Shule zikifunguliwa Januari, karatasi hiyo inakwenda kwa mwalimu wa darasa la kwanza pamoja na watoto wenyewe, ili siku ya pili tu awe ameshajua kwamba watoto wake 30 wanatafuta r na l, sita bado wako kwenye silabi, na waliobaki wanaweza kufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kusomea.